Ushuru wa Mitumba na Kazi za Watoto Wetu



Huenda nawe umeyasikia maneno haya barazani kwenu baada ya sala ya isha, kahawa ikipita. Mmoja husema: "Mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Serikali na iitoze ushuru mkubwa, au iipige marufuku kabisa, vijana wapate kazi." Mwengine humjibu: "Wewe una mshahara wako, ndiyo maana wasema hivyo. Mwanangu auza mitumba Kongowea, na nyumba nzima twala kwa mitumba hiyo. Ukiitoza, wamtoza yeye." Hapo sauti hupanda, mwenye kahawa hugonga vikombe vyake akapita, na watu huondoka kila mmoja na lake, hapana aliyemkinaisha mwenziwe.

Nimelisikiliza jadala hili miaka mingi, na nakiri kuwa nimepata kusimama upande huu na upande ule. Leo nataka kuzitazama hoja za wasemaji wetu wawili kwa insafu, kwa kuwa naona kila mmoja ameshika nusu ya kweli akaifanya nzima. Wala jambo hili si la wanauchumi peke yao. Nyumba moja hapa Mombasa yaweza kuwa na msichana anayeshona katika kiwanda cha nguo zinazopelekwa Marekani, kaka yake akawa auza mitumba iliyotoka huko huko Marekani, na mama yao akawa na cherehani barazani akishona sare za skuli. Ushuru mmoja ukibadilishwa, watatu hawa hawaletewi khabari moja. Mmoja atashukuru, mwengine atalia, na wa tatu hatajua ashukuru au alie mpaka mwezi uishe.

Tuanze na neno lenyewe. Ushuru ni neno tulilolipata kwa Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, Abu Musa al-Ash'ari alimpelekea khabari kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu wakienda nchi za kigeni hutozwa huko fungu la kumi la mali yao. Umar akaamrisha kuwa wafanyabiashara wa nchi hizo nao, wakija, watozwe kama wanavyowatoza wetu. Hapo msemaji wetu wa kwanza atapiga goti lake na kusema, "Si nimekwambieni?"

Lakini na asubiri. Imamu Malik katika Muwatta ametuhifadhia khabari nyengine ya Umar huyo huyo. Wanabati walikuwa wakileta Madina ngano na mafuta ya zeituni. Umar akawapunguzia, akachukua kwao nusu tu ya fungu la kumi, na makusudi yake yalikuwa vitu hivyo viletwe kwa wingi mjini. Ama kunde na jamii zake, aliziacha katika fungu la kumi kamili. Mtawala mmoja, mji mmoja, mlango mmoja, na viwango viwili. Ninavyofahamu mimi, hakusimama mlangoni akajiuliza kama mlango ufungwe au ufunguliwe. Alikitazama kilichokuwa juu ya mgongo wa ngamia, akawatazama walaji wa Madina, ndipo akasema kiasi gani. Na wanavyuoni waliokuja baadaye waliukemea vikali ule ushuru wa dhulma waliouita maks, utozwao njiani pasi na haki wala hesabu. Kwa hiyo hatuwezi kumnyamazisha mwenzetu kwa kusema kuwa ushuru ni sunna, wala kwa kusema kuwa ushuru ni haramu. Itatubidi tuishike bidhaa yenyewe mkononi.

Basi tuishike. Bidhaa yetu ni nguo.

Wako wanaodhani kwamba sisi watu wa pwani tu wachuuzi tangu azali, hatukupata kufuma hata kitambaa cha kichwa, na kwa hivyo habari za kulinda viwanda ni za watu wa bara. Si kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliziona nguo zilizofumwa mjini humo, akaandika kwamba zikipelekwa mpaka Misri. Wareno wa karne ya 16 walizitaja kwa sifa nguo za hariri za Pate. Na huko Sofala, Mreno Duarte Barbosa alieleza mwanzoni mwa karne hiyo jambo ambalo kila nikilikumbuka hustaajabu. Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe kwa pamba yao wenyewe, lakini rangi hawakuwa nazo. Basi walizichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule pamoja na uzi wao mweupe. Nguo ya kigeni haikuiua kazi yao. Waliigeuza kuwa mali ghafi. Uweke mfano huo akilini, msomaji, kwa kuwa nitaurejea.

Sasa tuje kwenye merikani. Vijana wa leo huenda hawalijui neno hilo ila kama jina la nchi, lakini wazee wetu walilijua kama jina la nguo, ile nzito ya pamba isiyopaushwa. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Marekani, na mjumbe wao alikuwa Edmund Roberts. Katika mkataba ule Wamarekani walipewa ruhusa ya kufanya biashara katika bandari zake, na bidhaa watakazoteremsha zisitozwe zaidi ya 5%. Waingereza nao wakapata 5% yao mwaka 1839. Majahazi ya Salem yakawa yaja Unguja na jora za merikani, yarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Ilikuwa nguo madhubuti na bei yake rahisi, hapana haja ya kuisingizia aibu isiyokuwa nayo. Ilipanda bara mpaka kwenye maziwa makuu. Ilinunua pembe, na, tusifiche, ilinunua na watu. Na pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini ya Marekani, kwa hiyo ilikuwa na watu waliouzwa mwanzo wake na mwisho wake.

Vinu vya Massachusetts vilivyoifuma nguo hiyo vilikuaje? Hapa pana jambo ambalo sijapata kulisikia likitajwa barazani. Mwaka 1816, yaani miaka 17 kabla ya mkataba wa Sayyid Said, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ushuru. Nguo ya pamba kutoka nje ilitozwa 25%, lakini kwa sharti moja la werevu mkubwa: kila yadi ya mraba ihesabiwe kuwa thamani yake si chini ya senti 25, hata kama mwenyewe aliinunua kwa senti chache. Piga hesabu uone. Nguo ya Bara Hindi iliyonunuliwa kwa senti 6 kwa yadi ilihesabiwa kuwa ni ya senti 25, ikalipa senti 6 na robo, yaani zaidi ya bei yake nzima. Ile nguo nzuri ya Uingereza, ya matajiri, haikuumizwa kiasi hicho. Aliyefungiwa mlango ni Mhindi, mfumaji wa nguo rahisi. Na aliyekwenda Washington kuupigania ushuru huo alikuwa Francis Cabot Lowell, mwenye kinu cha nguo huko Waltham.

Kwa hiyo nguo iliyokuja Unguja kwa 5% ilikuwa imelelewa nyuma ya ukuta uliokuwa ukitoza zaidi ya 100%. Na aliyewekewa ukuta ule ni yule yule Mhindi ambaye nguo zake ndizo zilizokuwa zikivaliwa hapa pwani.

Wengi wetu tukifika hapa hukasirika, tukasema "wanafiki hawa", tukaondoka. Mimi naona hasira hiyo yatupotezea faida. Sayyid Said hakutiwa kamba. Alikuwa mfanyabiashara hodari, alitaka meli zije bandarini kwake, na meli zikaja. Kiwango cha 5% si kosa kwa dhati yake, kwani Umar naye alipata kutoza 5%, nusu ya fungu la kumi. Tofauti ni kwamba Umar alipunguza kwa khiari yake na kwa bidhaa aliyoichagua, na lau yangemgeukia mambo angeweza kupandisha. Sultani alijifunga mikono kwa bidhaa zote, mbele ya dola moja kisha ya pili. Walipokuja watawala wengine baada yake wakataka pato zaidi la forodha, waliikuta kalamu ya 1833 mezani.

Msemaji wetu wa kwanza, mwenye kupenda ushuru, bila shaka sasa amefurahi. Yampasa anistahamilie kidogo.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa mwisho wa mwaka 1983. Mwaka uliofuata nilikwenda Tanga kuwatazama jamaa zetu. Nilichukua zawadi ambazo leo mtu angeona haya kuzipeleka: sabuni za kufulia, mafuta ya kupikia, na doti nne za kanga. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alipozipokea zile kanga alizikunjua moja moja, akazinusa, kisha akazikunja tena kama zilivyokuwa, akazitia sandukuni. Nikamuuliza, "Mbona huzivai, shangazi?" Akanambia, "Hizi ni za harusi na maiti, mwanangu. Za kuvaa hapana." Hakuwa maskini. Mumewe alikuwa na kazi, na fedha zilikuwamo nyumbani. Kilichokosekana ni duka lenye kanga ndani yake.

Na nchi ile haikuwa haina viwanda. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikuwa imefunguliwa tangu 1968. Palikuwa na vinu vyengine Mwanza na Musoma. Wala mlango haukuwa wazi. Nguo ya nje haikuingia ila kwa kibali cha serikali, na hicho ni kifungo kikubwa kuliko ushuru wowote. Kwa hoja ya msemaji wetu wa kwanza, vinu vile vilikuwa peponi: hapana mshindani, wanunuzi wamepanga foleni. Lakini fedha za kigeni za kununulia vipuri na rangi hazikuwapo, na pamba ya mkulima ilicheleweshwa malipo mpaka mkulima akachoka. Ilipofika 1984 serikali yenyewe ikawaruhusu watu wenye fedha zao za nje walete bidhaa, na mitumba ikaingia kama maji ya bamvua. Watu waliipokea kwa shukrani. Mimi sithubutu kumlaumu mtu aliyevaa viraka miaka mitano akapata suruali nzima.

Kenya yetu ilifuata njia hiyo baadaye kidogo, mitumba ikafunguliwa mlango mapema miaka ya 1990. Rivatex ya Eldoret, iliyokuwa fahari ya nchi, ikasimama, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007.

Sasa, je, mitumba iliviua viwanda hivyo, au haikuviua? Mtaalamu mmoja wa uchumi, Garth Frazer, alichapisha uchunguzi wake mwaka 2008 akitazama nchi za Afrika kutoka 1981 mpaka 2000. Alikadiria kuwa mitumba ilisababisha kiasi cha 40% ya kuanguka kwa utengenezaji wa nguo, na kiasi cha 50% ya kazi zilizopotea. Wapenda ushuru huinukuu sana nusu hii ya kazi. Nami naikubali, kwani si jambo dogo. Lakini mwenye kuinukuu yampasa akumbuke kuwa nusu iko na nyengine. Hiyo nyengine imekufa kwa mashine kuukuu, umeme wa kukatika, mikopo ya riba kubwa na uongozi mbaya, na hayo hayatozwi ushuru bandarini. Na tangu miaka hiyo ameingia mgeni wa tatu, nguo mpya rahisi kutoka China na jirani zake, ambaye msemaji wetu wa kwanza aghlabu humsahau kwa kuwa macho yake yako kwenye robota la mitumba.

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, walipokutana Arusha, waliazimia kuiondoa mitumba pole pole kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka huo ushuru wa mitumba ukapandishwa katika Jumuiya kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka senti 40, na Rwanda ikaruka yenyewe mpaka dola 2 na nusu kwa kilo. Naomba tusimame kidogo juu ya neno hilo "kwa kilo", kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita.

Kilo moja ya nguo ni kama fulana tano au sita, au suruali mbili za jinzi. Ushuru wa kilo haujui kama fulana ile ni ya daraja la kwanza, itakayouzwa kwa kijana wa chuo, au ni ile ya mwisho wa robota, iliyofifia, itakayonunuliwa na mpagazi kwa shilingi hamsini. Zote mbili hulipa sawa. Kwa hiyo katika bei ya fulana ya mpagazi, fungu la ushuru huwa kubwa kuliko katika bei ya fulana ya kijana wa chuo. Na yule anayenunua suti mpya dukani halipi hata kidogo katika ushuru huo wa mitumba, maana yeye yumo katika hesabu nyengine. Rejea kwa Lowell uone: hila ni ile ile ya kuhesabu kwa namna inayomwangukia mwenye nguo rahisi. Ila kwake aliyeumia alikuwa mfumaji wa Bara Hindi, na kwetu anayeumia ni mvaaji wa Majengo na Kisauni.

Hili ndilo kosa langu la kwanza kwa wapenda ushuru. Husema "serikali itoze", kana kwamba anayetozwa ni mzungu aliyeko ng'ambo. Mzungu aliitupa nguo ile, haimuumizi kitu. Mwenye kulipa ni wewe unayeivaa, na yule anayekuuzia kwa faida ya shilingi kumi. Huenda ikafaa kulipa. Mzazi hulipa karo miaka kumi na miwili akitarajia mwana atasoma. Lakini mzazi huomba ripoti kila mwisho wa muhula. Nani ameomba ripoti ya kiwanda kilichofungiwa mlango kwa ajili yake? Kiwanda gani kiliambiwa, "Twakupa miaka saba, na ikifika mwaka wa nne tutahesabu wafanyakazi wako na kupima nguo yako"? Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulipoanza mwaka 2005, kanga, kikoi na kitenge vilitiwa katika bidhaa nyeti, vikawekewa 50%. Ni kiwango kikubwa. Walakin kanga nyingi tunazojifunga bado zatoka India, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa pamba tu. Tumelipa karo, na ripoti hatujaiona.

Kwa wapenda mlango wazi nina kosa kubwa zaidi, na nitalieleza kwa yaliyotokea 2017.

Marekani ilikuwa imepitisha mwaka 2000 sheria iitwayo AGOA, ambayo kwayo nguo na bidhaa nyengine za nchi nyingi za Afrika ziliingia huko bila ushuru. Kwa sheria hiyo ndipo msichana wetu wa kiwandani alipopata kazi. Sasa, wakuu wetu walipoazimia kuiondoa mitumba, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka mashtaka kwa serikali yao. Walidai kwamba kazi 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Lizingatie hilo, msomaji: taifa tajiri kuliko yote duniani likilalamika kuwa nchi maskini zikikataa kuvaa nguo walizozivua wao, watu wao watakosa riziki. Mwezi wa Juni 2017 Marekani ikaanza kuchunguza kama nchi zetu zastahili kubaki katika AGOA. Kenya ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikasimama pale pale, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha ule.

Sikuwalaumu waliorudi nyuma. Serikali yenye maelfu ya wasichana kwenye cherehani za kiwandani haiwezi kujifanya shujaa kwa mishahara ya watu. Lakini wale waliotwambia siku zote kuwa biashara huria ni mlango wazi kwa wote, kila mtu auze na anunue apendavyo, wangalijiuliza hapo: huria gani hii ambayo mnunuzi akisema "sitaki" hushtakiwa? Mlango wazi ni ule ambao mwenye nyumba aweza kuufunga. Na ilipofika tarehe 2 Aprili 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa 10% au zaidi juu ya bidhaa za takriban nchi zote ulimwenguni, Kenya ikiwamo kwenye hiyo 10%, na sababu aliyoitoa ni ile ile ya barazani kwetu: kulinda viwanda na kazi za nyumbani. Mwezi wa Septemba mwaka huo muda uliowekwa wa AGOA nao ukaisha. Kwa miaka mingi tuliambiwa kuwa hoja hiyo ya kazi za nyumbani ni ujinga wa watu wasiosoma uchumi. Kumbe ni ujinga ikisemwa Arusha tu.

Basi nimewagombeza wote wawili, na msomaji ana haki ya kuniuliza: na wewe wasemaje? Nitajibu kwa kisa.

Wiki chache zilizopita nilikwenda Kongowea kutafuta nguo za wajukuu. Nikamkuta fundi mmoja, kijana wa makamo, amekaa chini ya turubai na cherehani ya miguu. Mbele yake palikuwa na suruali za kiume za Marekani, pana kama tanga la ngalawa, zile ambazo hapa hapana wa kumtosha. Alikuwa akizifumua mishono, akivitandaza vipande, na kutoka katika suruali moja alipata kaptura mbili za mtoto na mfuko. Aliniuzia kaptura ambayo huwezi kuijua kuwa ilipata kuwa kitu chengine. Nikamsimulia habari ya watu wa Sofala, na kufumua kwao nguo za Cambay. Alicheka sana. Akaniuliza kama walikuwa wakilipa kodi ya kibanda.

Tukazungumza habari za ushuru, na kwa kuwa nilikuwa nayafikiria makala haya, nilimpa rai yangu yote. Nikamwambia: lau ningekuwa mimi mlangoni, robota la suruali hizi ningelitoza kidogo, kama ngano ya Wanabati, kwa kuwa kwako wewe si nguo, ni kitambaa, na mvaaji wake ni maskini. Nguo mpya iliyokwisha kushonwa, kwanza sare za skuli ambazo mama zetu wanaweza kuzishona, ningeitoza sana, na kwa thamani yake ya kweli, si ile ya kwenye karatasi za kontena. Kinu cha kufuma ningekilinda, lakini kwa miaka ya kuhesabika, na kila mwaka nikiingie ndani nihesabu vichwa. Wala nisingetia sahihi karatasi yoyote ya kunizuia kugeuza viwango hivyo mwakani nikiona nimekosea.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukipiga cherehani pole pole. Kisha akalichomoa gurudumu la uzi juu ya mashine, akanionyesha chini yake palipobandikwa karatasi ndogo yenye jina la nchi ulikotoka. Akasema, "Mzee, umenitajia suruali, umenitajia sare, umenitajia kinu. Uzi huu mwaka jana nilikuwa nikiununua kwa bei nyengine. Uzi umeuweka wapi?"

Uzi nilikuwa nimeusahau. Nikatoa kalamu, nikauandika.